Bertha Benz: Mama Aliyetengeneza Gari Njiani

Bila shaka umewahi kuona gari bovu limesimama kando ya barabara. Dereva amefunua boneti, abiria wamekaa kivulini, na fundi ameinama juu ya injini. Je, umepata kumtazama fundi hodari kwa makini? Yeye hakimbilii spana. Kwanza husikiliza, hunusa, hutazama, na kuuliza gari lilianzaje kusumbua. Akishajua chanzo cha ubovu ndipo huanza kazi. Fundi asiye na subira hufungua hiki na kile, na mwishowe huliacha gari likiwa bovu kuliko alivyolikuta.

Katika somo hili utasoma habari za mtu aliyefanya kazi hiyo zamani sana, wakati ambapo hapakuwa na kituo cha mafuta wala gereji ya kukimbilia njiani. Mtu huyo wakati huo alikuwa mama mwenye watoto wanne. Jina lake ni Bertha Benz.

Kuzaliwa na kuolewa kwake

Bertha alizaliwa tarehe 3 Mei 1849 katika mji wa Pforzheim, kusini-magharibi mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi seremala. Tangu utotoni Bertha alipenda kujua jinsi vyombo na mitambo inavyofanya kazi, lakini katika nchi yake wakati ule wasichana hawakuruhusiwa kusoma katika vyuo vikuu.

Mwaka 1872 aliolewa na Carl Benz, mhandisi aliyekuwa na karakana katika mji wa Mannheim. Karakana hiyo ilikuwa na shida ya fedha. Hata kabla ya arusi, Bertha aliwaomba wazazi wake wampe mapema fedha walizomtengea kwa ajili ya ndoa yake, akazitoa kuiokoa karakana. Kwa hiyo, tangu mwanzo, mali yake na maisha yake yalifungamana na kazi ya mumewe.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya dhiki. Carl alihangaika kuunda injini, nayo ikakataa kufanya kazi sawasawa. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1879, mume na mke waliingia karakanani kuijaribu tena. Usiku huo injini iliwaka, ikaendelea kunguruma bila kuzimika. Hivyo ndivyo walivyoukaribisha mwaka mpya.

Gari la magurudumu matatu

Tarehe 29 Januari 1886 Carl Benz aliandikisha serikalini haki ya uvumbuzi wa gari linaloendeshwa kwa injini. Gari hilo lilikuwa dogo, lenye magurudumu matatu, na injini yake ya silinda moja ilikaa nyuma ya kiti. Nguvu ya injini hiyo ya kwanza haikufikia nguvu ya farasi mmoja. Ili kuiwasha, mtu alilizungusha kwa mikono gurudumu kubwa la chuma lililounganishwa na injini. Mwendo wake wa kasi kabisa ulikuwa kilomita 16 hivi kwa saa. Wewe ukiwa juu ya baiskeli ungeweza kulipita!

Ili uelewe yatakayotokea mbele, hapana budi ujue mambo ambayo gari la namna hii linahitaji:

1. Mafuta yaliyochanganyika na hewa, yafike ndani ya silinda.
2. Cheche ya umeme, iyawashe mafuta hayo kwa wakati wake.
3. Maji, yaipoze injini isipate joto kupita kiasi.
4. Minyororo, ipeleke nguvu ya injini kwenye magurudumu.
5. Breki, za kulisimamisha.

Kimoja tu kikikosekana, safari huharibika. Shika vema orodha hii, kwa maana ndiyo inayomwongoza fundi.

Safari ya mwaka 1888

Carl aliliboresha gari lake, lakini wanunuzi hawakuja. Watu waliogopa kelele zake, na wengi hawakuamini kwamba linaweza kwenda mbali. Carl akaanza kukata tamaa. Bertha aliona kwamba wasipoonyesha manufaa ya gari hilo mbele ya watu, jasho na mali yao yote vitapotea bure.

Asubuhi moja ya mwezi wa Agosti 1888, bila kumwambia mumewe kwanza, Bertha aliondoka Mannheim kwa gari, pamoja na wanawe wawili, Eugen aliyekuwa na umri wa miaka 15, na Richard mdogo wake. Walikuwa wakienda Pforzheim, nyumbani kwa mama yake Bertha, umbali wa kilomita zipatazo 104. Kabla ya siku hiyo hakuna mtu aliyekuwa amesafiri mbali kiasi hicho kwa gari la injini. Barabara zilikuwa za magari ya farasi, zenye mawe, mashimo na vilima.

Sasa fikiri pamoja na Bertha.

Mafuta yanakwisha. Gari lilibeba lita 4 na nusu tu za mafuta. Petroli haikuuzwa njiani, lakini gari lilitumia ligroini, yaani maji mepesi yatokanayo na mafuta ya petroli, ambayo wakati ule watu waliyatumia kusafishia madoa katika nguo. Maji hayo yaliuzwa katika maduka ya dawa. Walipofika mji wa Wiesloch, Bertha alikwenda katika duka la dawa akayanunua. Tangu hapo duka hilo limejulikana kuwa kituo cha kwanza cha mafuta ya magari duniani.

Mafuta yapo, lakini hayafiki. Injini inaweza kufa ingawa mafuta yamo. Ikiwa hivyo, fundi hujiuliza: je, njia ya mafuta iko wazi? Bomba la mafuta katika gari la Bertha lilikuwa jembamba, na takataka ndogo ilitosha kuliziba. Bertha alichomoa pini ndefu iliyoshikilia kofia yake, akalizibua bomba. Mafuta yakapita, na injini ikawaka.

Cheche inapotea. Waya wa umeme hufunikwa kwa kitu kisichopitisha umeme. Kitu hicho huitwa kihami. Kihami kikichakaa, waya hugusa chuma cha gari, na umeme hupita njia ya mkato badala ya kufika mahali pa kutoa cheche. Hapo hata mafuta yakiwa tele hayawezi kuwaka. Waya wa gari la Bertha ulipoharibika hivyo, alivua ukanda uliokaza soksi yake, akauzungusha kwenye waya. Umeme ukarudi katika njia yake.

Injini inapata joto. Gari lile halikuwa na rejeta. Maji yaliizunguka silinda, yakapokea joto lake, yakachemka, na mvuke wake ukapotea hewani. Mvuke ulipoondoka uliondoka na joto, nayo injini ikapoa. Lakini maji yalipungua upesi. Kwa hiyo iliwabidi wasafiri hao kusimama mara kwa mara kuongeza maji, wakiyateka popote walipoyapata njiani.

Mnyororo unalegea. Katika mji wa Bruchsal mhunzi aliwasaidia kutengeneza mnyororo. Hapa utaona kwamba fundi mwenye akili hujua pia kazi ipi inamhitaji mwenzake mwenye vyombo na ujuzi unaofaa.

Mlima unashinda nguvu. Kwenye miinuko mikali injini haikuweza kulivuta gari, ikabidi washuke na kulisukuma. Injini haikuwa mbovu. Gari lilikosa gia ndogo ya kupandia, yaani gia inayopunguza mwendo na kuongeza nguvu ya kuvuta. Jambo hili likumbuke: si kila gari linaloshindwa kwenda ni bovu.

Breki zinakwisha. Kwenye miteremko vipande vya mbao vya breki vilisuguana na magurudumu mpaka vikalika. Katika kijiji cha Bauschlott mshona viatu alivifunika vipande hivyo kwa ngozi. Ngozi huongeza msuguano, na ikichakaa hubadilishwa kwa urahisi. Huo ndio mwanzo wa bitana za breki. Magari ya leo hayatumii ngozi, lakini kanuni ni ile ile.

Kulipokuwa kukiingia giza waliwasili Pforzheim. Bertha alimpelekea mumewe simu ya maandishi kumjulisha kwamba wamefika salama. Siku chache baadaye walirudi Mannheim kwa gari lile lile.

Matokeo ya safari

Habari za safari zilienea kila mahali. Waliolicheka gari sasa walijua kwamba linaweza kwenda mbali na kurudi. Bertha naye alimweleza Carl kila kasoro aliyoiona, na Carl akaongeza gia ya kupandia milima. Mwaka huo huo gari lilionyeshwa katika mji wa Munich na kupewa medali ya dhahabu. Ilipofika mwaka 1899, kiwanda cha Benz kilitengeneza magari 572 kwa mwaka mmoja, kikawa kiwanda kikubwa kupita vyote vya magari duniani.

Carl alifariki mwaka 1929. Bertha aliishi mpaka uzeeni. Siku alipotimiza miaka 95, chuo kikuu cha ufundi cha Karlsruhe, ambako mumewe alisoma, kilimpa cheo cha heshima. Yeye aliyezuiwa kusoma chuo kikuu kwa kuwa ni msichana, sasa aliheshimiwa na chuo kikuu. Siku mbili baadaye, tarehe 5 Mei 1944, alifariki katika mji wa Ladenburg. Mwaka 2008 njia aliyopita ilitangazwa kuwa njia ya kumbukumbu, na mpaka leo watu huifuata.

Ewe mwanafunzi, pini na ukanda wa soksi ni vitu vidogo, na kila mama wa wakati ule alikuwa navyo. Lakini pini isingefaa kitu kama Bertha asingejua kwamba bomba limeziba. Ujuzi wa kutafuta chanzo ndio uliomfikisha Pforzheim.

Jaribio

Chukua mrija wa jani la mpapai uliokauka, pamba kidogo, njiti ndefu nyembamba, na kikombe cha maji.

1. Mimina maji polepole katika mrija. Maji yanapita?
2. Ziba mrija kwa pamba, kisha mimina maji tena. Nini kinatokea?
3. Zibua mrija kwa njiti, ujaribu mara ya tatu.
4. Mwambie rafiki yako aufiche mrija nyuma ya karatasi, naye achague kuuziba au kukiacha kikombe kitupu. Mwache ajaribu kumimina, nawe tazama mwisho wa mrija tu. Maji yasipotoka, utauliza au kuchunguza nini kwanza ili ujue chanzo?

Maswali

1. Taja mambo matano ambayo gari la Bertha lilihitaji ili lisafiri salama.
2. Kwa nini ukanda wa soksi ulifaa kuzungushwa kwenye waya, na kipande cha waya mtupu kisingefaa?
3. Eleza jinsi maji yanayochemka yanavyoipoza injini.
4. Gari limezimika. Tangi limejaa mafuta, na cheche ipo. Utachunguza nini baadaye? Toa sababu.
5. Muulize fundi wa magari au wa baiskeli aliye karibu nawe jinsi anavyotambua ubovu kabla ya kufungua kitu. Andika hatua zake kwa utaratibu, kisha uwasomee wenzako darasani.