Pumziko la Mtu Aliyefunguliwa

Soma Kumbukumbu la Torati 5:12–15; Mathayo 11:28–30.

Mtumwa hana siku ya kupumzika. James Chuma alilijua hilo tangu utotoni. Alikuwa Myao, akauzwa utumwani angali mvulana. Mwaka 1861, katika nchi ambayo leo ni Malawi, David Livingstone na wamisionari waliofuatana naye walimfungua. Baadaye alisoma katika shule ya misheni huko Bombay, India, akabatizwa mwaka 1865. Mwaka uliofuata alirudi Afrika pamoja na Livingstone katika safari ya mwisho ya mzee huyo.

Livingstone alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Chuma, Susi na wenzao wangeweza kumzika na kwenda zao. Hapakuwa na wa kuwalazimisha. Walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaubeba kwa miguu kuelekea pwani. Karibu na Tabora, Mwingereza Cameron aliwashauri wauzike hapo. Walikataa. Februari 1874 waliufikisha Bagamoyo.

Mwaka 1879 Chuma aliongoza wapagazi wa msafara wa Joseph Thomson kutoka Dar es Salaam, kupitia Uhehe na Ubena, hadi Ziwa Nyasa. Yule aliyewahi kuuzwa kama mali sasa alikuwa kiongozi wa watu. Alifariki Zanzibar mwaka 1882, naye amelala akingoja asubuhi ya ufufuo.

Chuma hakuwa Mwadventista, lakini maisha yake yanatusaidia kuielewa amri ya nne. Katika Kutoka 20, Sabato inakumbusha uumbaji. Katika Kumbukumbu la Torati 5, inakumbusha kutolewa Misri. Waliofunguliwa wanaagizwa kupumzika, na pumziko hilo si lao peke yao: mtumishi, mgeni, hata ng'ombe na punda wametajwa. Anayepumzika huku akimtumikisha mwingine amesahau Misri yake.

Wala pumziko la Kristo si uvivu. Yeye huondoa mzigo wa dhambi, kisha hutupa nira yake iliyo laini. Utumwani Chuma hakuwa na hiari. Safari ya Bagamoyo ilikuwa nzito, lakini waliibeba kwa upendo. Hivyo ndivyo aliyekombolewa hufanya kazi siku sita, na hivyo ndivyo huiachia siku ya saba bila hofu ya njaa.

Maswali ya kujadili:

1. Wakati sisi tuko kanisani, binti wa kazi yuko wapi? Mchungaji wa ng'ombe wetu je?

2. Msimu wa kupanda mpunga Usangu, kibarua wetu asiye Mwadventista anaionaje Sabato yetu? Je, tulimlipa ujira wake Ijumaa kabla jua halijazama, au anaingia Sabato na njaa?

3. Ni mzigo gani ambao Kristo ameshautua, nawe bado unaubeba?