Harry Ferguson: Jamaa Aliyechukia Shamba, Akaunda Trekta Inayolima Hadi Leo

Kama ocha yenu iko pande za Trans Nzoia, Uasin Gishu ama Narok, hii mashine unaijua hata kama hujawahi kuigusa. Massey Ferguson, nyekundu iliyopauka, kiti kimetandikwa gunia, na ngurumo unaisikia kabla jua lichomoze. Huku tao unaiona ikivuta trela ya mawe. Na siku hizi chama cha vijana kikishika doh kidogo, lazima msee mmoja ainuke aseme tununue trekta ya mtumba kutoka Uingereza, tulimie watu kwa ekari, tuomoke.

Sasa kabla mtume chapaa, wacha nikupigie stori ya mwenye hilo jina la pili. Massey lilitoka kwa kampuni ya Kanada. Ferguson alikuwa mtu, na ukinunua trekta kuukuu leo, kile unalipia hasa ni kitu kilichotoka kwa kichwa chake.

Harry Ferguson alizaliwa tarehe 4 Novemba 1884, Growell, karibu na Dromore, upande ambao leo ni Ayalandi Kaskazini. Nyumbani walikuwa watoto 11, yeye wa nne. Mzae alikuwa mkulima na mtu wa dini kali, ile ya nyumba isiyo na mchezo. Harry aliwacha shule akiwa na miaka 14 hivi, akawekwa shambani, na shamba likamshinda kabisa. Alikuwa na mwili mdogo, na kufuata farasi na plau kwenye tope aliona ni mateso. Kufikia 1902 alikuwa ashapanga kuhepa aende Kanada. Kaka yake Joe ndiye alimsimamisha: alikuwa amefungua gereji Belfast, akamwita waingie kazi.

Hapo kijana akapata mahali pake. Injini aliisikiliza vile wewe unasikiliza ngoma. Akaanza mashindano ya nduthi na magari, na hiyo haikutosha, akajiundia ndege. Tarehe 31 Desemba 1909, upepo ukivuma vibaya pale Hillsborough, aliiinua hewani karibu mita 120. Ni kama kuruka juu ya uwanja wa mpira na kidogo, lakini hakuna mtu alikuwa amewahi kurusha ndege Ayalandi kabla yake. Alikuwa na miaka 25.

1911 akafungua biashara yake ya magari. Halafu Vita vya Kwanza vya Dunia vikaja, chakula kikawa shida, na trekta za Marekani zikaanza kuletwa. Ferguson akaziuza. 1917 serikali ikamtuma azunguke Ayalandi kuangalia kama zinafanya kazi vile inafaa. Akaenda na fundi wake Willie Sands, ambaye angekuwa naye miaka mingi, na walichokiona huko kilimkera.

Cheki, trekta za enzi hizo zilikuwa farasi wa chuma tu. Plau ilikuwa kitu kingine kinachoburutwa nyuma. Ili magurudumu yashike udongo, ilibidi trekta iwe nzito sana, na trekta nzito inakanyaga shamba hadi linakuwa sakafu. Lakini noma yenyewe ilikuwa jiwe. Plau ikigonga jiwe ama kisiki chini ya ardhi, inasimama papo hapo. Injini haijui. Magurudumu yanaendelea kusukuma, na kwa vile trekta haiwezi kwenda mbele, pua inainuka, mashine inapinduka kinyumenyume na kumlalia dere. Fordson, ile trekta ya Henry Ford iliyouzwa kama mkate, iliua watu hivyo.

Ferguson akauliza swali ambalo likiangaliwa leo linaonekana rahisi: kwa nini plau na trekta zisiwe kitu kimoja? Jibu lilimchukua miaka. Kufikia 1926 alikuwa na hati ya kulinda uvumbuzi wake, na 1933 akatoa trekta ya majaribio iliyopakwa rangi nyeusi. Baadaye ilihifadhiwa na jumba la makumbusho ya sayansi la London.

Enda nyuma ya trekta yoyote uangalie. Utaona mikono mitatu: miwili chini, mmoja juu katikati. Ndio hiyo. Mikono ya chini inavuta na kuinua kwa nguvu ya haidroliki. Mkono wa juu ndio mjanja. Plau ikizama sana, udongo unaisukuma, na huo msukumo unapita kwa mkono wa juu hadi kwa springi nene iliyo nyuma ya kiti. Springi ikibonyezwa, inaambia haidroliki iinue plau kidogo. Udongo ukilegea, inashuka tena. Dere hajagusa kitu. Na uzito wa plau pamoja na ule wa udongo unakalia magurudumu ya nyuma, kwa hivyo trekta nyepesi inashika ardhi kama nzito. Ikigonga jiwe, ule uzito unaondolewa kwa magurudumu, yanateleza na kuzunguka bure badala ya kuinua pua. Msee aliyechukia shamba ndiye alifanya hesabu ya kuwaokoa wenye walibaki huko.

Hapa ndipo chama chenu kifungue macho. Wengi wakienda kuona trekta ya mtumba wanaangalia rangi, tairi na mita ya masaa. Rangi inapakwa jana usiku. Mita inarudishwa nyuma. Wewe nenda nyuma, shika ule mkono wa juu pale unaposhikana na springi, uutikise kwa nguvu, ndani na nje. Ukicheza, trekta haisikii udongo vizuri, na mtalima mawimbi. Kisha mwambie muuzaji afunge plau, ainue, aache injini inguruma. Mikono ikipanda na kushuka yenyewe kama mtu anayesinzia kwa mat, kuna mahali presha inavuja. Azime injini, uone kama plau itashuka chap chap. Na angalia mafuta: kwenye Massey za zamani kama 35 na 135, mafuta ya gia ndiyo hayo hayo ya haidroliki, kwa hivyo yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kote.

Kitu kingine, na hii ni ya uhai. Ukiona dere amefunga mnyororo pale juu, kwa sehemu ya mkono wa juu, ndio avute gogo ama lori lililokwama, mwambie ashuke. Anavutia juu ya ekseli, na hapo amerudisha kifo kile kile Ferguson alikiondoa. Mnyororo unafungwa chini, kwa ndoano ya kuvutia.

Turudi kwa jamaa. 1936 aliungana na David Brown wa Huddersfield wakaanza kuuza trekta ya mfumo huo. Ilikuwa fiti lakini bei ilikuwa juu kushinda Fordson, na Brown alitaka kuunda kubwa zaidi. Ferguson hakuwa mtu wa kubishana naye ukashinda. Oktoba 1938 akabeba trekta moja hadi Dearborn, Marekani, nyumbani kwa Henry Ford mwenyewe, akamwonyesha shambani. Alikuwa pia na trekta ndogo ya kuchezea ya kueleza mfumo mezani. Ford, ambaye naye alikuwa mtoto wa mkulima aliyekimbia shamba, akaelewa mara moja. Wawili hao wakapeana mikono. Ford aunde, Ferguson auze. Hakuna karatasi. Hakuna wakili. Dili ya mamilioni, mikono tu.

Na ilifanya kazi! Trekta yao ya kwanza ilitoka 1939, na kwa miaka 8 hivi zaidi ya 300,000 ziliundwa. Shida ni kwamba mkono wa mzee hauachiwi mjukuu. 1945 Henry Ford wa Pili akachukua usukani, akaangalia vitabu, akaona kampuni inapoteza ganji kwa hii kitu. Mwaka uliofuata akamwambia Ferguson mambo yameisha, na 1947 Ford wakatoa trekta yao mpya, ikiwa na ile ile mikono mitatu, ikiuzwa na watu wao. Ferguson alirukwa mchana kweupe.

Akaenda kortini na kudai dola milioni 251. Kesi ilivuta miaka, mawakili wakala vizuri, na Aprili 1952 akakubali dola milioni 9.25, na Ford wakakubali kuacha kutumia sehemu fulani za haidroliki yake. Watu wengi wanasema alishinda. Mimi naona alipata asilimia 4 hivi ya kile alitaka, na miaka ambayo hangerudishiwa.

Lakini hakuwa amekaa akilia. Tangu 1946 alikuwa na kiwanda kingine kikimuundia trekta pale Banner Lane, Coventry, jengo la injini za ndege wakati wa vita. Hiyo ndiyo TE20, ile ndogo ya kijivu, uzito wa tani moja na kidogo. Zaidi ya 500,000 zilitoka hadi 1956. Ilikuja na spana iliyochorwa vipimo vya inchi, useti plau nayo bila kutafuta rula. Edmund Hillary, yule wa Everest, alifika Ncha ya Kusini tarehe 4 Januari 1958 akiendesha hizo hizo.

1953 Ferguson akaunganisha kampuni yake na Massey-Harris wa Kanada. Kwa bei walibakisha tofauti ya dola milioni moja: 16 ama 17? Ferguson akasema turushe sarafu. Wakarusha. Akapoteza. Akachukua hisa za milioni 16, na mwaka uliofuata akaondoka, kwa sababu kuwa bosi asiyesikizwa hakumfaa.

Pesa ilikuwepo, usingizi haukuwepo. Kwa miaka mingi alisumbuliwa na msongo wa mawazo. Tarehe 25 Oktoba 1960 alipatikana amekufa nyumbani kwake Abbotswood, Uingereza, baada ya kumeza dawa nyingi kupita kiasi. Alikuwa na miaka 75. Uchunguzi haukuamua kama ilikuwa ajali ama la.

Miezi 11 baadaye gari ambalo kampuni yake ilikuwa imeunda, Ferguson P99, liliendeshwa na Stirling Moss pale Oulton Park likashinda. Ndilo gari pekee la kuvutwa na magurudumu yote manne kuwahi kushinda mbio ya Formula 1.

Na ile mikono mitatu? John Deere, New Holland, Kubota, wote wanaiweka, vipimo vikiwa vimekubaliwa dunia nzima. Ndio maana plau ya mtumba iliyonunuliwa Nakuru inaweza kuingia kwa trekta iliyotoka Japani. Lakini kuna saizi. Pini za chini za trekta ndogo ni milimita 22, za kubwa zaidi ni 28. Siku mkienda kununua plau, mwende na tepu.