Rudolph Ackermann, muuza picha wa London ambaye jina lake limebaki kwenye usukani wa motokari zetu

LIKASI – Motokari yoyote ya zamani inayokata kona Buluo, ikiwa Land Rover ya miaka ya 1960 ao Peugeot 504 iliyochoka na barabara, inageuka kwa kufuata mchoro wenye jina la mtu ambaye hakuona motokari ya petroli hata siku moja. Alikufa mwaka 1834, nusu karne mbele ya motokari hizo kuanza kutembea. Kazi iliyompa utajiri ilikuwa kuuza picha na vitabu katika mji wa London. Jina lake ni Rudolph Ackermann.

Fundi aliyesoma shule ya ufundi hapa Likasi huenda atashangaa, sababu yeye anajua mchoro huo kwa jina lingine. Masomo yetu yanatolewa kwa Kifaransa, na kwa Kifaransa unaitwa mchoro wa Jeantaud. Vitabu vya Kiingereza ndivyo vinavyosema Ackermann. Na kati ya hao wawili, hakuna aliyekuwa wa kwanza.

Ackermann alizaliwa tarehe 20 Aprili 1764 huko Stollberg, mji mdogo wa Saxony, katika Ujerumani ya leo. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Kijana akaingia katika kazi iliyo jirani na hiyo: kuchora magari ya kukokotwa na farasi. Wakati ule gari la namna hiyo lilikuwa kama jeep yenye vioo vyeusi ya wakubwa wa leo. Lilisafirisha mtu, lakini zaidi lilionyesha yeye ni nani, na aliyejua kulichora vizuri hakukosa chakula. Ackermann alifanya kazi Paris, kisha akavuka bahari, na kabla ya mwaka 1790 alikuwa tayari anachorea mafundi wa London.

Mwaka 1792 alioa mwanamke Mwingereza, Martha Massey. Miaka mitatu baadaye akafungua duka la picha na shule ya kuchora kwenye barabara ya Strand, katikati ya mji. Hapo ndipo jina lake lilianza kujulikana. Mwaka 1801 alipata breve, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, kwa njia yake ya kufanya karatasi na nguo zisipitishe maji. Mwanzoni mwa mwaka 1806, wakati Waingereza walimzika amiri wao Nelson aliyeuawa katika vita vya Trafalgar, ni Ackermann aliyechora gari lililobeba jeneza. Kati ya 1808 na 1810 alichapisha kitabu kikubwa cha picha za rangi kuhusu maisha ya London, na kuanzia 1809 akatoa gazeti la kila mwezi la sanaa na mitindo lililodumu karibu miaka 20. Duka lake lilikuwa kati ya majengo ya kwanza ya mji kuwashwa taa za gesi.

Hakusahau kwao. Baada ya vita vya Leipzig vya mwaka 1813, vilivyoacha vijiji vya Saxony bila nyumba wala chakula, alisimamia mchango wa kusaidia wahanga, na bunge la Uingereza nalo likatoa paundi 100,000. Sisi watu wa mashariki ya Congo tunajua maana ya mtu aliye mbali ambaye anakumbuka kwao wakati wa vita.

Lakini habari yetu leo ni ya mwaka 1818.

Ili kuelewa kilichotokea, angalia mkokoteni wa zamani wa magurudumu manne. Ekseli ya mbele, ule mti ao chuma kinachobeba magurudumu mawili, ilifungwa katikati kwa pini moja kubwa. Farasi wakikata kona, ekseli nzima inazunguka kwenye pini hiyo: gurudumu moja linaenda mbele, lingine linarudi nyuma chini ya sanduku la gari. Kwa hiyo magurudumu ya mbele yalilazimika kuwa madogo, ao sanduku liinuliwe juu sana. Hatari kubwa ilikuwa hii: kona ikiwa kali, gari linabaki limesimama kama kiti cha miguu mitatu, na kwa mwendo kidogo tu linaanguka. Daktari Mwingereza Erasmus Darwin, babu ya Charles Darwin, aliona ubaya huo tangu mwisho wa miaka ya 1750. Alitafuta namna nyingine ya kugeuza magurudumu akaipata, lakini hakuchukua breve, na jambo likalala.

Huko Munich, fundi wa magari wa ufalme wa Bavaria, Georg Lankensperger, alifikia jibu lile lile kwa njia yake mwenyewe. Alizaliwa mwaka 1779 huko Marktl, kijiji ambacho Wakatoliki wengi wanakijua leo sababu Papa Benedikto XVI naye alizaliwa humo. Lankensperger aliiacha ekseli isigeuke. Kila gurudumu la mbele akalipa pini yake fupi mwishoni mwa ekseli, kisha akaunganisha yote mawili kwa fimbo moja. Sasa magurudumu yanageuka, gari linabaki kwenye miguu yake minne.

Ackermann na Lankensperger walikuwa Wajerumani wawili wenye kazi moja ya zamani, mmoja Munich, mwingine London mwenye pesa na jina. Sheria ya Uingereza wakati huo ilikubali mtu aliyeleta uvumbuzi kutoka nje apewe breve kwa jina lake. Kwa hiyo mwaka 1818 breve ya Uingereza iliandikwa Ackermann, naye mwaka uliofuata akatoa kitabu kidogo cha kuwaeleza watu faida ya ekseli hiyo mpya. Watu wengi leo wanamhesabu kuwa mwizi. Mimi naona hilo si haki. Alifanya kama wakala, kazi ambayo kila mtu anayepita Kasumbalesa na bidhaa za mwingine anaielewa. Hasara ya Lankensperger ni kwamba karatasi ya wakala ndiyo iliyodumu.

Na faida? Haikuonekana. Mafundi wa magari wa London hawakuipokea. Mtu aliyefanikiwa katika vitabu, picha, taa na nguo zisizopitisha maji alishindwa katika kazi aliyojifunza ujanani. Aliendelea na mengine: mwaka 1822 alitoa Uingereza kitabu cha kwanza cha zawadi ya mwaka mpya, na katika miaka hiyo hiyo alichapisha vitabu kwa Kihispania kwa ajili ya nchi za Amerika zilizotoka tu kupata uhuru, hadi Mexico. Alifariki tarehe 30 Machi 1834. Lankensperger alimfuata mwaka 1847. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeona mchoro ule ukishinda.

Ulishinda wakati farasi aliondoka. Farasi anavuta pua ya gari upande anaotaka, lakini injini haina pua. Lazima dereva mwenyewe ageuze magurudumu kwa mikono yake, na ekseli nzima inayozunguka kwenye pini moja ingemnyang'anya volani kila jiwe likigonga gurudumu. Mwaka 1873 Mfaransa Amédée Bollée alitengeneza gari la mvuke ambalo kila gurudumu la mbele lilikuwa na pini yake. Mwaka 1878 Mfaransa mwingine, Charles Jeantaud, fundi wa magari wa Paris, alitengeneza vizuri mchoro wa mikono inayounganisha magurudumu, na ndiyo sababu shule zetu zinamtaja yeye. Karl Benz, kwenye motokari yake ya mwaka 1886, alikwepa shida yote kwa kuweka gurudumu moja tu mbele. Alirudi kwenye magurudumu manne mwaka 1893, baada ya kupata breve ya usukani wa namna ile ile.

Hesabu yenyewe si ngumu. Motokari ikizunguka, gurudumu la ndani linachora duara dogo na la nje duara kubwa. Chukua Peugeot 504 ya taxi, yenye mita 2.74 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Gurudumu la ndani likigeuka digrii 35, la nje linatakiwa kugeuka digrii 27 hivi, na likizunguka duara nzima linatembea zaidi ya mita 7 kuliko lile la ndani. Yakigeuka sawasawa, moja litaburuzwa pembeni. Ndiyo maana ile mikono midogo nyuma ya magurudumu haikunyooka: imeelekea ndani kidogo, kama vile mistari yake ingeenda kukutana karibu na katikati ya ekseli ya nyuma.

Hapa ndipo marehemu anaingia katika garaji ya Buluo. Dereva analeta Land Rover ya zamani, analalamika kwamba volani inacheza, motokari inatangatanga barabarani, ao mipira inalia kwenye kona hata kwa mwendo mdogo na kulika pembeni kama kitana. Mara nyingi kitu cha kwanza kinachofanywa ni kukaza buate ya direksio, lile sanduku la chuma chini ya volani, sababu liko wazi na lina skrubu ya kukazia. Ni kuanzia mwisho. Buate inachakaa zaidi katikati, pale ambapo motokari inakwenda moja kwa moja. Ukiikaza kwa nguvu hadi mchezo uishe, itabana magurudumu yakigeuka, na volani haitarudi yenyewe baada ya kona. Kwa dereva wa lori kwenye barabara ya Lubumbashi, volani isiyorudi ni hatari kuliko volani inayocheza.

Mpango mzuri unaanzia chini. Kwanza upepo wa mipira, sababu mpira mmoja mlaini unavuta motokari kama vile kuna kitu kimevunjika. Kisha mtu mmoja anakaa kwenye volani akiitikisa kidogo kushoto na kulia bila kuwasha injini, mwingine analala chini akishika kila kiungo kwa mkono: mkono unasikia mchezo kabla ya jicho kuuona. Baadaye kriki. Gurudumu likiwa juu, ulishike juu na chini ulisukume: likicheza, tafuta kwenye bearingi ao kwenye zile pini za Lankensperger. Ulishike kushoto na kulia: likicheza hapo tu, mara nyingi ni rotuli za fimbo, vile vifundo vya mviringo mwishoni mwake. Kwenye Land Rover za zamani kuna pia kifaa cha kati kilichojificha ndani ya chuma cha mbele cha shasi. Kinasahauliwa miaka mingi bila oili, na ndani yake kuna resorti kali inayoweza kumvunja mtu taya kama akikifungua ovyo.

Viungo vikiwa salama na mpira bado unalia, ndipo fundi anapima umbali kati ya magurudumu mawili, mbele na nyuma yake, kwa urefu wa kitovu. Tofauti inatakiwa kuwa milimita chache tu. Akirekebisha 504, aguse fimbo za pande zote mbili kwa kiasi kimoja. Akizungusha moja tu, volani itakaa upande hata kama magurudumu yamenyooka.

Kinachobaki ndicho kigumu kuona. Motokari ikilia kwenye kona ya kuume na kunyamaza kwenye ya kushoto, na vipimo vya mbele ni vizuri, tazama mkono wa gurudumu. Shimo moja kubwa linatosha kuupinda, na kuanzia hapo hesabu ya digrii 35 na 27 imekufa upande mmoja. Wako wanaounyoosha kwa moto na nyundo. Chuma hicho kilipewa ugumu wake kiwandani. Moto unauondoa, na kikikatika kwenye barabara, volani inabaki mikononi bila kazi. Mkono wa kutumika uliotolewa kwenye motokari nyingine, ulionyooka na usio na ufa, ni salama kuliko ule uliopita motoni.

Fundi kutoka Ndola ao Kitwe akija kusaidia lori lililokwama upande wetu, atasema mkono umeharibu Ackermann. Yule wa Likasi atasema umeharibu Jeantaud. Wanaonyesha chuma kimoja. Jina la Lankensperger halitatajwa na yeyote kati yao.