Muindi Mbingu, mfugaji aliyehamishiwa Lamu

Ukienda Nairobi ukashuka karibu na City Market, barabara unayoikanyaga ni ya Muindi Mbingu. Wengi tunaijua kwa maduka na msongamano wa magari. Mwenyewe aliyepewa jina lile aliwahi kuishi kwetu Lamu, wala hakuja kutembea. Aliletwa na askari.

Mimi nilimjua nikiwa mtoto, shambani. Mwaka 1993 baba aliachishwa kazi hapa Mombasa, shilingi nayo ikawa haina thamani, unga haushikiki. Tukaonelea, au tuseme wazee wakaonelea, mimi na dada yangu twende kwa bibi mzaa mama, Muthetheni, kule Machakos. Watoto wa ufukweni tukaamka alfajiri kuteka maji kwa punda, kupalilia mbaazi na kunde kwenye matuta, kula muthokoi usiku badala ya wali wa nazi. Ile muthokoi ni kama pure yetu, ila mahindi yake yamekobolewa kinuni. Nilichukua muda kuizoea.

Susu, ndivyo tulivyomwita bibi kwa Kikamba, alikuwa na ng'ombe watatu. Mvua ilipokosa na ada ya shule ikawadia, akamtoa yule mwekundu akampeleka mnadani. Dada alilia. Mimi nilijikaza lakini jioni zizi lilikuwa na pengo, na hata ndama alilia usiku kucha. Usiku ule ndipo susu alipotueleza kwamba yeye amemuuza wake kwa kupenda, japo kwa shida, na kwamba alipokuwa msichana mdogo serikali iliwachukua ng'ombe wa watu mchana kweupe. Akamtaja Muindi.

Nimekuja kusoma habari zake ukubwani. Samuel Muindi Mbingu alikuwa mtu wa Ngelani, katika vilima vya Iveti, juu ya mji wa Machakos. Miaka yake ya ujana Ukambani ilikuwa ya kubanwa. Masetla walikuwa wamechukua malisho mazuri, pamoja na vilima vya Mua, na tambarare ya Yatta ikafanywa ya serikali. Watu na mifugo wakasongamana palipobaki. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 bei za mazao zikaanguka dunia nzima, nzige wakaja, ukame ukaja, na kodi haikungoja. Ardhi ikaanza kuchimbika makorongo.

Maofisa wa kilimo walipoyaona yale makorongo walisema kosa ni la ng'ombe, ni wengi mno. Kwamba watu walikuwa wamenyang'anywa nafasi, hilo halikuhesabiwa. Mwaka 1938 ikatoka amri ya kupunguza mifugo kwa lazima. Ng'ombe wakakamatwa kwa maelfu wakapigwa mnada kwa bei ya kutupa, na wakati huohuo kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kimefunguliwa Athi River kikihitaji ng'ombe wa bei rahisi. Sisi watu wa pwani huenda tusielewe mara moja. Fikiria mvuvi achukuliwe ngalawa na nyavu zake, aambiwe samaki wamepungua. Kwa Mkamba ng'ombe ndiye mahari, ndiye akiba ya mwaka wa njaa, ndiye heshima ya nyumba.

Muindi na wenzake, akiwamo Isaac Mwalozi, wakaunda chama kilichoitwa Ukamba Members Association. Mwezi wa Julai mwaka huo, zaidi ya watu elfu moja, wanaume, wanawake na watoto, wakaelekea Nairobi kumwona gavana. Wakapiga kambi Kariokor kwa majuma kama sita. Hawakuvunja duka wala kumpiga mtu. Walikaa tu, wakakataa kurudi. Wakikuyu wa chama cha KCA waliwaunga mkono, na Isher Dass, Mhindi wa Baraza la Kutunga Sheria, akawatetea. Serikali iliingiwa na wasiwasi kwa sababu askari wake wengi, wa polisi na wa KAR, walikuwa Wakamba, na Ulaya ilikuwa inanukia vita.

Mwishowe Gavana Brooke-Popham akaenda mwenyewe Machakos kuzungumza nao. Kupunguza mifugo kwa lazima kukaachwa. Lakini Muindi akakamatwa mwaka uleule akahamishiwa Lamu. Ulikuwa mtindo wa Waingereza: Mekatilili wetu walimtupa Kisii mwaka 1913, na wa bara wakawatupa kwetu. Mtu wa vilima na mazizi akawekwa kisiwani, kwenye majahazi na mikoko. Mwaka 1940 chama chake kikapigwa marufuku pamoja na KCA na kile cha Wataita, Taita Hills Association, maana Wataita nao walikuwa wakililia ardhi yao.

Alirudi kwao baadaye, na akauawa katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari. Vifo vya namna ile vilikuwa vingi siku zile, na makundi ya kunyooshewa kidole yalikuwa zaidi ya moja.

Yale matuta niliyoyapalilia Muthetheni, hiyo dawa ya makorongo, yalikuja kuchimbwa kwa wingi na wanakijiji wenyewe baada ya vita vikuu, hasa wanawake katika vikundi vya mwethya. Susu alikuwa mmoja wao. Ng'ombe waliendelea kuwepo na udongo ukashika.

Mwaka juzi nilimpeleka mjomba wangu wa Muthetheni Lamu. Tulipofika ufukweni aliniuliza Muindi aliwekwa wapi. Nikawauliza wazee waliokaa barazani. Walinitajia kambi ya Manda ya wafungwa wa Mau Mau, ambayo ni ya baadaye. Mmoja akaniuliza kama ninamaanisha ile barabara ya Nairobi.