Festo Kivengere: Askofu aliyekimbia usiku, akarudi bila kisasi

MFANYABIASHARA anayevuka mpaka wa Gatuna kuelekea Kampala hupita Kabale, mji wa milimani wenye baridi. Mara nyingi hasimami hapo ila kwa chai ya haraka. Lakini katika mji huo aliishi mtu ambaye maisha yake yanatugusa sana sisi tuliosoma na kukulia ugenini, kisha tukarudi. Mtu huyo ni Askofu Festo Kivengere wa Kanisa la Anglikana.

Kivengere alizaliwa mwaka 1919 huko Rujumbura, Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, katika ukoo wa watawala waliokuwa wafugaji. Utotoni alichunga ng'ombe, baadaye akasoma katika shule za misheni hadi akawa mwalimu. Ujana wake haukuwa wa kanisani. Alikunywa pombe na kuipa imani kisogo.

Wakati huo uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulikuwa umekwisha kuvuka milima na kuingia Kigezi. Walokole walikutana kila wiki, wakaungama dhambi zao mbele ya wenzao, wakarudisha walivyoiba na kupatana na waliokosana nao. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, Kivengere naye aliokoka.

Jambo moja alilofanya baada ya hapo lilisimuliwa kwa miaka mingi. Alikuwa akimchukia mmisionari mmoja Mzungu. Alipanda baiskeli, akasafiri maili 50, yaani kilomita kama 80, kwenda kumwomba radhi kwa chuki hiyo. Mafunzo hayo ya kupatana na mtu ana kwa ana ndiyo yaliyokuja kumfaa baadaye, mambo yalipoharibika nchini mwake.

Mwaka 1946 yeye na mkewe Mera walihamia Tanganyika. Alifundisha Dodoma kwa zaidi ya miaka kumi, na Kiswahili kikawa lugha yake ya kazi. Mwaka 1960, mhubiri Billy Graham wa Marekani alipofika Moshi, aliyesimama kando yake kutafsiri alikuwa mwalimu huyo wa Kigezi. Alipata upadri baada ya masomo Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960, na Desemba 1972 akawekwa wakfu kuwa Askofu wa Kigezi.

Hakikuwa kipindi cha amani. Idi Amin alikuwa ametwaa madaraka kwa nguvu Januari 1971, na watu walikuwa wakipotea bila kujulikana walikopelekwa. Tarehe 10 Februari 1973, wakazi wa Kabale waliamriwa kwenda kiwanjani kutazama vijana watatu wakipigwa risasi hadharani. Askofu Kivengere aliomba ruhusa ya kuzungumza nao kabla ya kufa. Alikwenda akidhani yeye ndiye atakayewafariji. Aliwakuta nyuso zao zimetulia, wakimweleza kwamba wamekwisha kumpokea Kristo na kusamehewa, na wakimtuma awaambie ndugu zao. Askofu alikiri baadaye kwamba siku hiyo yeye ndiye aliyefarijiwa.

Mambo yalizidi kuwa mabaya mwaka 1977. Maaskofu walimwandikia Amin barua ya kulalamikia mauaji na unyanyasaji. Tarehe 16 Februari waliitwa Kampala, wakaonyeshwa silaha na kushutumiwa kwamba wanapanga kuipindua serikali. Walipoambiwa waondoke, Askofu Mkuu Janani Luwum alizuiwa. Kivengere alibaki nje akimsubiri, mpaka akalazimishwa kwenda zake. Kesho yake serikali ilitangaza kwamba Luwum na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari. Wengi hawakuamini, kwani miili ilikuwa na matundu ya risasi.

Aliporudi Kabale, waumini walimsihi akimbie kwa kuwa alikuwa akitafutwa. Usiku yeye na Mera walipanda gari hadi barabara ilipoishia, wakaendelea kwa miguu milimani gizani, na asubuhi wakaingia Rwanda. Askofu aliyekuwa na dayosisi nzima akawa mkimbizi kama wakimbizi wengine.

Ugenini ndiko jaribu lake kubwa lilikomkuta. Alitambua kwamba anamchukia Amin, na kwamba chuki hiyo inamkausha moyo hata sala zikawa nzito. Siku ya Ijumaa Kuu mwaka huo, akiwa kanisani London, alitafakari jinsi Yesu alivyowaombea msamaha waliomsulubisha. Aliona kwamba hawezi kumtoa Amin katika maombi hayo. Alisamehe, na mwaka huohuo akachapisha kitabu chenye jina lililowaudhi wengi, kwani kilitamka wazi kwamba anampenda Amin.

Wapo waliodhani amelainika. La hasha! Aliendelea kuzunguka nchi za nje akieleza mauaji ya Uganda na kuwatetea wakimbizi. Kusamehe hakukumfunga mdomo, na kusema ukweli hakukumrudishia chuki.

Serikali ya Amin ilianguka Aprili 1979, majeshi ya Tanzania na ya Waganda waliokuwa uhamishoni yalipoingia Kampala. Kivengere alirudi Kabale mwaka huo. Alikuta nchi imeporwa, bidhaa hakuna, watu wana visasi. Ilimbidi ahubiri upatanisho kwa watu waliofiwa, naye mwenyewe akiwa amempoteza rafiki. Mwaka 1983 aliwapa upadri wanawake watatu, jambo ambalo kanisa lake lilikuwa bado linalibishania. Alifariki Nairobi tarehe 18 Mei 1988 kwa saratani ya damu.

Ndugu msomaji, wengi wetu tuliporudi tulikuta shamba la baba lina mwenyewe mwingine, au jirani anayetutazama kwa mashaka. Wengine hukutana sokoni au mpakani na mtu ambaye ukoo wake uliwaumiza. Maisha ya Kivengere hayatuambii tuache kudai haki yetu. Dai lako lipeleke panapohusika, useme kweli yote. Lakini usilale nalo moyoni kama kaa la moto, maana litakuunguza wewe kabla ya adui yako.

Tena Kivengere hakusimama peke yake. Alikuwa na mke aliyetembea naye usiku ule, na ndugu wa ushirika aliozoea kuungama mbele yao tangu ujana. Anayetaka kusimama imara siku ya dhoruba atafute ndugu wa namna hiyo sasa, mapema, hali ikiwa bado shwari.