Masaki Watanabe: Daktari aliyelitibu goti kwa tundu dogo

Mchezaji anaumia goti, klabu inatangaza amefanyiwa upasuaji mdogo, na baada ya wiki kadhaa unamwona tena uwanjani. Siku hizi hakuna anayeshangaa. Lakini hadi miaka ya 1950, kufanyiwa upasuaji wa goti maana yake ilikuwa goti kufunguliwa kwa kisu.

Aliyebadilisha mambo ni Dk Masaki Watanabe wa Japani.

Alikotokea

Watanabe alizaliwa mwaka 1911 na kusomea udaktari Tokyo. Huko alikutana na mwalimu wake, Profesa Kenji Takagi, ambaye tayari alikuwa na wazo lililoonekana la ajabu.

Mwaka 1918, Takagi alichukua kifaa cha kuchungulia kibofu cha mkojo na kukiingiza kwenye goti la maiti, aone kama ndani panaonekana. Sababu ilikuwa kifua kikuu cha viungo. Ugonjwa huo ulikakamaza magoti ya watu, na kwa Wajapani wanaokaa chini kwa kupiga magoti, goti lisilokunjika lilikuwa balaa nyumbani na mbele za watu.

Shida ilikuwa ukubwa. Kifaa chake cha kwanza cha goti, cha mwaka 1920, kilikuwa na unene wa milimita 7.3. Kufikia 1931 alikuwa amekipunguza hadi milimita 3.5. Kisha vita vikaja.

Kutoka kuchungulia hadi kutibu

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Watanabe aliendeleza kazi hiyo katika Hospitali ya Teishin, Tokyo. Mwalimu wake alitaka kuona. Yeye alitaka kuona na kutibu papo hapo.

Machi 9, 1955 aliondoa uvimbe ndani ya goti bila kulifungua lote. Mwaka 1957 alitoa kitabu cha picha za ndani ya goti, nyingi zikiwa zimechorwa kwa mkono na msanii. Akaipeleka kazi yake nje ya nchi. Walimsikiliza kwa heshima, basi. Madaktari wengi hawakuona haja ya kuchungulia kwenye tundu wakati wangeweza kufungua na kuona kila kitu.

Hakukata tamaa. Alitengeneza kifaa kimoja baada ya kingine, kila kimoja na namba yake, mpaka Namba 21 mwishoni mwa miaka ya 1950. Hicho ndicho kilichofanya kazi vizuri, japo mwanga wake ulitoka kwenye balbu ndogo iliyokuwa mbele kabisa. Balbu hiyo ikipasuka ndani ya goti, ni msala.

Kijana wa miaka 17

Mei 4, 1962 ndiyo siku inayokumbukwa zaidi. Kijana wa miaka 17 alikuwa ameumia goti akicheza mpira wa kikapu, na gegedu linalokaa kati ya mifupa lilikuwa limechanika. Watanabe alikata kipande kilichochanika tu, kupitia matundu madogo. Baada ya wiki sita kijana alikuwa amerudi kucheza.

Miaka miwili baadaye, daktari wa Canada, Robert Jackson, alifika Tokyo. Alimtafuta Watanabe, akajifunza kwake, na yeye akawa anamfundisha Kiingereza. Jackson aliporudi Toronto alikuwa na Namba 21 mkononi, na ujuzi ukaanza kusambaa Amerika Kaskazini. Mwaka 1974 madaktari wa fani hii walipounda chama chao cha kimataifa, rais wa kwanza alikuwa Watanabe.

Si kila goti

Baada ya hapo upasuaji huu ulipendwa hadi ukapitiliza. Hata wazee ambao magoti yao yamelika taratibu kwa miaka walianza kufanyiwa.

Ndipo watafiti wa Houston, Marekani, wakaamua kuupima. Waliwagawa wagonjwa 180 wenye magoti yaliyolika katika makundi matatu. Wa kwanza walisafishwa na kukwanguliwa ndani ya goti, wa pili walisukutuliwa tu kwa maji, na wa tatu walichanwa ngozi tu bila kutibiwa chochote ndani. Matokeo yalitoka mwaka 2002: baada ya miaka miwili, maumivu ya makundi yote yalikuwa sawa.

Hiyo haifuti kazi ya Watanabe, aliyefariki dunia katika miaka ya 1990. Kijana wake wa mwaka 1962 alikuwa na jeraha moja, mahali panapojulikana. Goti lililolika lote ni habari nyingine, na mara nyingi mazoezi ya viungo na kupunguza uzito ndiyo tiba ya kuanza nayo.

Kwa hiyo ukiambiwa goti lako linahitaji matundu madogo, muulize daktari kwanza: kuna kitu kimechanika, au limelika tu?