Paul Robeson na Senema Aliyoikana

Seremala akimaliza kutengeneza kiti hukiuza, wala hajui ni nani atakayekikalia. Mchezaji wa senema yu katika hali iyo hiyo, ila yeye kinachouzwa ni uso wake na sauti yake. Jambo hilo lilimfika Paul Robeson, Mmarekani mweusi, katika mwaka wa 1935, nalo likaugeuza mwendo wa maisha yake.

Alizaliwa Princeton, katika jimbo la New Jersey, tarehe 9 Aprili, 1898. Baba yake, William Drew Robeson, alizaliwa mtumwa huko North Carolina, akatoroka angali kijana, akasoma hata akawa mchungaji wa kanisa. Alipoondolewa katika kanisa lake la Princeton hakuona haya kuzoa majivu ya nyumba za watu kwa gari la farasi ili watoto wapate kula. Mama alikufa kwa ajali ya moto mwaka wa 1904, Paul akiwa hajatimiza miaka sita. Basi mzee huyo ndiye aliyemfunza mwanawe kunena. Kijana alisimama mbele yake akazisema hotuba za shuleni, na baba akazisahihisha. Hata uzeeni Robeson aliendelea kumhesabu baba yake kuwa ndiye mwalimu wake wa kwanza katika kazi ya sauti.

Alipata sifa katika Chuo cha Rutgers, kwa masomo na kwa mpira wa Kimarekani, kisha akahitimu sheria Columbia mwaka wa 1923. Lakini katika ofisi ya mawakili mwandishi mzungu alikataa kuandika maneno yatokayo kinywani mwa mtu mweusi, na Robeson akaiacha kazi hiyo. Mkewe Eslanda, waliyeoana mwaka wa 1921, ndiye aliyemhimiza kushika njia ya jukwaa, akawa pia mwangalizi wa mambo yake. Ndoa yao haikuwa shwari siku zote, ila haikuvunjika.

Mwaka wa 1925, pamoja na mpiga piano Lawrence Brown, alitoa tamasha ya nyimbo za dini za watumwa wa Marekani peke yake, jambo lililokuwa geni mjini New York. Wengi walimtaka aziimbe opera za Ulaya. Hakupenda. Aliziona nyimbo za wakulima na wachimbaji, ziwe za Kirusi, za Kiyahudi, za Wales au za Afrika, kuwa ni ndugu wa nyimbo za babu zake, na ili aziimbe kwa haki alijifunza lugha zake. Mwaka wa 1934 alisoma London katika chuo cha lugha za Mashariki na Afrika, na miongoni mwa lugha alizojifunza ilikuwamo hii yetu ya Kiswahili.

Katika hamu hiyo ya kuijua Afrika ndipo aliponaswa. Ndugu wawili wa jamaa ya Korda walikuwa wakitengeneza senema iitwayo Sanders of the River. Mmoja wao alikuwa amekwenda Afrika kupiga picha za ngoma na kunasa nyimbo. Robeson alipozisikia alifurahi, akadhani ulimwengu sasa utaonyeshwa ustaarabu wa Waafrika. Kijiji kilijengwa kando ya mto Thames, na waliovishwa ngozi kuwa raia wa kijiji hicho walikuwamo watu weusi wa bandarini na wanafunzi waliokuwa Uingereza. Mmoja wao alikuwa Jomo Kenyatta, ambaye baadaye alikuwa Rais wa kwanza wa Kenya. Robeson mwenyewe alikuwa Bosambo, mkuu wa kabila.

Senema ilipotoka, ngoma zilikuwamo, lakini zilikuwa pambo tu. Habari yenyewe ilikuwa sifa ya ofisa mmoja wa Kiingereza anayewatuliza washenzi, na Bosambo amesimama chini yake akimshukuru! Sauti ile iliyofunzwa na mtoto wa utumwani ilikuwa inausifu ukoloni. Watu weusi wengi walimlaumu, na lawama hiyo ilikuwa ya haki, kwa maana aliyatazama maandishi yake mwenyewe, asiulize nani atakayekata na kuunga picha. Lakini yeye hakuitetea kazi yake mbovu. Aliikana hadharani, na baadaye akadai kwamba katika senema azichezazo asiachiwe mwingine neno la mwisho. Mwaka wa 1940 ilitoka The Proud Valley, ambamo yeye ni mchimba makaa miongoni mwa wachimbaji wa Wales, hiyo aliipenda. Mwaka wa 1942 aliagana na Hollywood.

Tangu hapo hakutenga tena sanaa na siasa. Alipiga kelele dhidi ya ukoloni na dhidi ya mauaji ya watu weusi huko kwao. Aliipenda Urusi, hata mwanawe alimpeleka shule Moscow ili asidharauliwe kwa rangi yake. Na juu ya dhuluma za Stalin alinyamaza hadharani, jambo ambalo wanaomheshimu hawana budi kulikiri.

Mwaka wa 1950 Serikali ya Marekani ilimnyang'anya pasi ya kusafiri. Kumbi zilimfungia milango na mapato yake yakakauka. Oktoba, 1957, wachimbaji wa Wales walikusanyika Porthcawl, naye akawaimbia kutoka New York kwa njia ya simu iliyopita chini ya bahari. Mwaka uliofuata pasi ilirudishwa, na 1959 akacheza Othello huko Stratford kwa Shakespeare. Kisha ugonjwa ukamwelemea. Eslanda alifariki mwaka wa 1965, na yeye akafuata mjini Philadelphia, tarehe 23 Januari, 1976. Alizikwa kwa ibada iliyofanyika Harlem, katika kanisa ambalo kaka yake Benjamin aliwahi kuwa mchungaji wake, na maelfu ya watu walihudhuria, mvua ikinyesha.